Bahari Yenye Ng'ambo

Veneranda mwanangu,

Barua hii nitaishonea ndani ya mfuko wa sweta lako la kijani, na kesho nitakuambia usifumue uzi mpaka meli iwe imeondoka Bukoba. Najua utanitii. Wewe ni mtu wa kutii hata pale ambapo si lazima, na tabia hiyo ndiyo iliyonifanya niombe kalamu kwa mwalimu jirani.

Hapa nyumbani ni alasiri. Umekwenda Rugu kumuaga shangazi yako na utarudi na giza. Naandika sasa kwa sababu ya mwanga. Herufi bado naziona vizuri nikiwa mlangoni, na huu wino mweusi hauna matata. Mambo ya sabuni, ya nguo za ndani, na ya kutokupokea chakula cha mtu usiyemjua njiani, umeshaambiwa na kila mwanamke wa kitongoji hiki, pamoja na wale ambao hawajafika hata Kyaka. Mimi sitayarudia.

Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa mimi na wewe huwa tunagombana kwa Kinyarwanda na kupatana kwa Kinyambo. Ndiyo lugha niliyofundishwa kuandika, kwenye kisomo cha watu wazima, wewe ukiwa mgongoni unanivuta kitambaa cha kichwa. Mpaka leo sijui Kinyarwanda kinaandikwaje. Afadhali iwe hivyo. Katika Kiswahili naweza kusema jambo zima mpaka mwisho bila sauti kunikatika.

Wiki iliyopita, tulipokuwa tunamenya ndizi, ulisema huendi. Ulisema utawaandikia wa chuo wampe mtu mwingine nafasi yako, kwamba ualimu unaweza kusubiri, na hata usipopatikana tena si mwisho wa dunia. Nikakuuliza kwa nini. Hukuinua macho.

"Nikienda Mtwara," ulisema, "nani atakuwa anakuambia buluu ni ipi?"

Niliendelea kumenya mpaka nikajikata kidole, ukanifunga kitambaa, na kesho yake nikakuambia utakwenda na maneno yaishe. Tukanuniana. Ulianza kufunga sanduku kwa kishindo ili nisikie. Sasa nakupa jibu ulilostahili kupewa pale pale kwenye maganda ya ndizi. Ni refu kidogo, kwa kuwa linaanza wewe hujazaliwa.

Bibi yako, mama yangu mzazi, kule Gisaka tulikotoka, alikuwa anapamba kuta za nyumba. Kwetu hiyo ilikuwa kazi ya wanawake. Alichukua samadi mbichi ya ndama, akaichanganya na majivu isinuke wala isiingiwe na wadudu, kisha akaipandisha ukutani kwa vidole mpaka ikawa matuta membamba, moja likifuata jingine, yanapanda na kushuka, yanapinda na kurudi. Ikikauka aliilainisha kwa jiwe. Baadaye ndiyo rangi: udongo mweupe, udongo mwekundu, na nyeusi ya masizi yaliyokorogwa na utomvu wa shubiri. Nyumba zile hazikuwa na madirisha ya maana. Ndani kulikuwa giza mchana kutwa, na tuta ulilijua kwa kidole kabla hujaliona. Kazi yangu ilikuwa kumfuata ndama nyuma na jani la mgomba, nikisubiri. Wenzangu walinicheka sana.

Halafu tukavuka mto Kagera kuja huku. Mama alifia njiani, hilo unalijua. Nilifika Ihanda nikiwa msichana asiye na kitu zaidi ya mikono, na kwa miaka mingi mikono hiyo ilichuma kahawa ya watu na kupalilia migomba ya watu. Mzee aliyetupa mahali pa kujenga alikuwa Mnyambo mpole, Mlutheri, na mkewe alikuwa na ukuta wa sebule uliomchukiza kwa nyufa. Nikaomba niupambe. Alikubali akidhani nitaupaka chokaa. Aliponiona naingia na samadi alitaka kunitoa, lakini mumewe akamwambia aniache nimalize kwanza ndipo afukuze mtu. Ukuta ule ulitembelewa na watu wa mbali. Wengine walikuja kusalimia wagonjwa ambao hawakuwapo, ili mradi wapitishwe sebuleni.

Ndiyo maana Ta Klementi alinijia mimi. Wewe unamfahamu kama mzee wa studio pale Omurushaka, mwenye kikohozi na koti la kaki. Wakati ule alikuwa kijana aliyekimbia vita. Majeshi ya Amini yalipoingia alikuwa na studio yake upande wa Kyaka, akatoka na kamera ndani ya koti na viatu visivyofanana. Pazia lake, lile kubwa la kuning'iniza nyuma ya mpigwa picha, lilibaki. Lilikuwa na bahari, na watu walikuwa wanalipenda. Vita vilipokwisha alirudi kulitafuta akakuta hata ukuta uliolishika haupo.

Aliponiomba nimchoree jingine, nilimwambia mimi sijawahi kuona bahari. Akasema wateja wake pia hawajawahi, basi tutakuwa sawa. Nikamuuliza kwa nini asiwapige picha nje, kwenye migomba, tena kuna jua.

"Mama Veneranda," alisema, "migomba wanaiona bure."

Alinipa kitambaa cha amerikani na ukurasa wa kalenda uliochanika katikati, wenye kipande cha maji na kipande cha mashua. Nikatazama yale maji. Yalikuwa na matuta. Nikasema moyoni, kumbe kazi yenyewe ni hii hii. Nikamtafuta ndama.

Usicheke bado. Nilijenga mawimbi yale kwa samadi na majivu juu ya kitambaa, nikayalainisha kwa jiwe, nikayapaka rangi, na naweza kusema bila kujisifu kwamba yalikuwa mazuri. Ta Klementi aliyashangilia. Jambo moja halikuniingia akilini: ukuta unasimama mahali pake, lakini pazia la studio hukunjwa kila jioni kama mkeka. Alilikunja na kulikunjua siku chache tu. Siku ya harusi moja ya watu wa Nyakahanga, bwana harusi amesimama mbele ya bahari na suti ya kuazima, Ta Klementi ameingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi cha kamera, wimbi la kwanza likamdondokea bwana harusi begani. Likafuata la pili. Bi harusi akachukua kipande, akakivunja kidogo, akakinusa, akamnong'oneza dada yake. Wanawake wale walijua mara moja ni kitu gani.

Nililipia suti kwa kulima shamba la mwenyewe. Ta Klementi hakunifukuza. Alisema mkono ninao, ila nimekosea kitu cha kuchorea, na kwamba bahari za kweli huchorwa kwa rangi ya mafuta. Sijui alilisikia wapi hilo. Tangu siku hiyo sikugusa tena samadi kwa kazi ya kuchora. Niliona aibu kubwa, na aibu ile nilikaa nayo miaka mingi kuliko ilivyostahili.

Rangi ya mafuta nilijifunza kwa kuiharibu. Baba yako, Stefano, alikuwa kibarua wa kupaka milango na madirisha ya majengo ya misheni, na fundi mkuu alimruhusu achukue kilichobaki chini ya makopo. Aliyaleta nyumbani yakiwa na ngozi juu, nami niliibandua ngozi ile kwa kisu na kupata chini yake rangi ya kijiko au viwili. Ilikuwa miaka ile ya baada ya vita, dukani hakuna sukari, hakuna chumvi, sembuse rangi. Nyeupe ilipatikana, kijani cha madirisha kilipatikana, buluu haikupatikana kabisa. Nikasaga buluu ya kufulia mashuka, nikaikoroga ndani ya nyeupe na mafuta, na ikakubali. Mafuta ya taa niliyaongeza ili ilainike. Yakizidi, rangi ikikauka inapukutika kama unga. Yakipungua, inakunjamana. Brashi nilizifunga mwenyewe kwa nywele za mkia wa ng'ombe. Msimu wa mvua pazia lilikuwa halikauki, na kumbikumbi waliingia usiku wakanasa kwenye maji, nami asubuhi niliwatoa mmoja mmoja kwa mwiba.

Baba yako alikuwa anakaa kwenye kigoda ananiangalia. "Unachora maji," aliniambia siku moja, "na ukipita kwenye dimbwi unapandisha gauni mpaka magotini." Alikuwa mtu wa utani wa taratibu. Alipofariki nilikuta nyuma ya nyumba makopo aliyokuwa amenikusanyia, yamefunikwa vizuri kwa majani ya mgomba yasikauke. Nilichora nayo pazia la studio nyingine, ile ya Kayanga. Nililia wakati nachora, na mahali nilipolia hapaonekani.

Unaweza kuuliza mtu wa Ihanda alitoa wapi bahari. Kalenda iliniishia upesi. Ilikuwa na kipande kimoja cha maji na mimi nilihitaji upana wa ukuta. Bahari niliitoa kwenye ukungu. Unajua asubuhi za kiangazi, ukisimama pale juu tunapoanikia buni, bonde lote linavyojaa weupe mpaka shingoni mwa vilima, na vilima vinabaki vimesimama juu yake kila kimoja peke yake. Ule weupe hautulii. Unapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, polepole, na jua likiupata unageuka rangi mara kadhaa kabla haujaondoka. Nilikuwa nachelewa kuteka maji kwa sababu ya kuutazama. Majirani walisema Mnyarwanda yule ni mvivu, na kwa asubuhi hizo hawakukosea. Niliufuata ukungu ule kwa miaka kumi na zaidi. Kila wimbi ulilowahi kuniona nachora nililiona kwanza pale, juu ya buni za watu.

Ndiyo sababu bahari zangu zilikuwa na vilima upande wa pili. Mimi sikuona kasoro. Kisha akaja muuguzi mmoja wa hospitali, mwenyeji wa Tanga, kupiga picha ya kupeleka kwao. Siku hiyo nilikuwa studio natengeneza kona ya pazia iliyochanika. Alikaa kwenye kiti, akageuka kuangalia nyuma yake, akaangalia tena, akaniuliza kwa upole kama mimi ndiye mchoraji.

"Hii si bahari, mama," alisema. "Bahari haina ng'ambo."

Nikamuuliza sasa inaishia wapi. Akasema haiishii, maji yanakwenda mpaka yanakutana na mbingu, basi. Nikadhani ananitania. Nikamtazama Ta Klementi, naye akatazama chini, maana alikuwa anajua siku zote na hakutaka kunivunja moyo.

Nilivifuta vilima vyote. Kila pazia, kuanzia la Omurushaka mpaka lile la Murongo kule Kyerwa, nililifuata na kopo la buluu nikavifunika, migomba yake na yote. Nilikuwa na hasira na sikujua namkasirikia nani. Kumbe nimeharibu. Wateja walikataa kukaa. Mzee mmoja aliyekuja na mkewe na wajukuu alisimama mbele ya maji yale yasiyo na mwisho, mikono nyuma, akauliza kwa nini akae mahali kama hapo, na ni nani aliyewahi kwenda huko akarudi. Akachukua familia yake wakaondoka. Ta Klementi alivumilia kwa muda, kisha akaniomba nirudishe ng'ambo. Nikairudisha, mbali zaidi kidogo na nyembamba zaidi, kwa heshima ya Tanga. Yule muuguzi alirudi akacheka sana, akapigwa picha hivyo hivyo, akasema atawaambia kwao hiyo ni bahari ya Karagwe.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikiwa shambani. Maji makubwa niliyoyagusa mimi katika maisha yangu ni mto Kagera, usiku ule tulipovuka, nimeng'ang'ania shati la kaka yangu. Usiku ule nilikuwa natazama ng'ambo tu. Kwa mtu kama mimi, maji ni kitu cha kuvuka. Sikuweza kuyachora bila upande wa pili, na wala sikujua kwamba siwezi.

Kuna jambo jingine nililoligundua baadaye, nalo lilinichekesha nikiwa peke yangu. Miaka yote ile niliyosaga buluu, picha za Ta Klementi zilikuwa nyeusi na nyeupe. Zinaning'inia mpaka leo katika nyumba za Ihanda, Nyakahanga na Rugu, watu wamesimama wima na nguo za sikukuu, nyuma yao maji ya kijivu. Hakuna buluu hata chembe. Na hakuna aliyewahi kuuliza kile ni nini nyuma yao. Kila mtoto wa nyumba zile anasema babu alipiga picha baharini.

Filamu ya rangi ilipofika ndipo tulipojua. Ulikuwa likizo, unakumbuka. Ta Klementi alikuja nyumbani na bahasha ya picha zilizotoka kusafishwa Mwanza, akaziweka mezani, akakataa chai. Hakuniuliza mimi. Alikuuliza wewe bahari hiyo ni ya rangi gani.

Ukasema, "Zambarau. Na huku ni kahawia."

Nilifikiri mmepanga kunichezea. Kwangu mimi ilikuwa buluu. Nilizichukua zile picha nikatoka nazo juani, nikazigeuza huku na huku, na ilikuwa buluu. Niliporudi ndani nikakuta mnanitazama, nikaogopa kuliko nilivyoogopa mtoni.

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Alieleza vizuri, bila haraka. Kilichopotea hakirudi, dawa ya matone itashikilia kilichobaki kwa muda, rangi zinaweza kutangulia kuondoka, halafu pembeni patakuwa pananyauka kidogo kidogo. Nilimuuliza ni muda gani. Akasema hana namna ya kujua. Nilimshukuru tukarudi kwa miguu, nawe ulinishika mkono njia nzima kana kwamba nimeshakuwa kipofu siku ile ile. Nilikuchukia kidogo kwa kunishika, na sikuutoa mkono.

Tangu hapo ukawa unanichanganyia rangi. Kila likizo, na ulipomaliza shule ikawa kila siku. Ulikaa kwenye kigoda cha baba yako na kusema ongeza, ongeza, basi. Ukisema basi naacha. Zile ndizo bahari nzuri kuliko zote, Veneranda. Ile ya nyumba ya wageni ya misheni, ambayo watu husimama kuitazama, nusu yake ni yako na nilipaswa kukuambia siku ile ilipotundikwa. Nilikuambia tu uoshe brashi.

Kosa langu liko hapo, na halina kishindo chochote. Nilizoea. Ukiwa shambani nilikuita. Ukiwa kwaya nilimtuma mtu akuite. Mara moja ulikuwa umekaa na wenzako chini kule kisimani, nasikia mnacheka, nami nikakuita uje kuniambia kama kopo hili ni kijani, na kopo lenyewe lilikuwa na karatasi yake juu. Ulikuja. Hukunung'unika. Laiti ungenung'unika ningestuka mapema.

Sasa nakuambia jambo ambalo lingekuwa rahisi kulinyamazia. Uliposema huendi, nilifurahi. Kuanzia pale nilipojikata kidole mpaka jioni nilipowasha moto, nilikuwa na furaha. Nilipanga bahari nyingine. Nilikuwa najiambia hujaolewa, una muda, Mtwara ni mbali, chakula cha huko si chetu. Kisha nikakuona umeinama unapuliza moto, nikaona mgongo wako umeshaanza kukaa kama wangu, na furaha ile ikaniogopesha. Ndiyo maana kesho yake nilikufokea. Niliyekuwa namfokea hakuwa wewe.

Lakini kumfukuza mtu si kumpa jibu. Uliuliza nani atakuwa ananiambia buluu, na lilikuwa swali la haki. Nimelijibu wiki hii, ulipokwenda Rugu mara ya kwanza kumsaidia shangazi yako kuanua buni. Nilikwenda kwa mke wa jirani, yule mwenye ndama mweusi, nikamwomba anachotoa ndama wake.

"Mawe! Mama wee, na uzee huu?" alisema. "Unataka kufanya nini nayo?"

Nikamwambia nataka kuchora. Akanipa ndoo nzima bila kuuliza tena.

Nilikuwa nimesahau harufu yake ikiwa mbichi, na jinsi majivu yanavyoila mpaka inabaki kama ya udongo uliolowa. Nilidhani mikono imesahau. Haikusahau. Nilichukua ukuta wa nyuma wa jikoni, ule unaotazama migomba, nikaanza chini na kupanda juu. Tuta la kwanza lilipinda ovyo. La pili likanyooka. Kufikia jioni nilikuwa nafanya kazi na macho yamefumba, kwa kuwa jua lilikuwa linaniumiza, na nikatambua kwamba sijaacha hata mahali pamoja. Hakuna rangi pale zaidi ya nyeupe na nyeusi. Zile ninaweza kuzitofautisha, na siku nikishindwa, tuta lina upande wa juu na upande wa chini, na kidole kitaniambia. Halidondoki, kwa sababu hakuna mtu atakayeukunja ukuta. Ta Klementi alipita jana, akasimama, akavua kofia. Amesema watu wa misheni wanataka kuupamba ukumbi wao na wana ukuta mrefu. Nimekubali.

Kwa hiyo usirudi kwa ajili ya buluu. Rudi kwa ajili ya likizo, au msiba, au ukitaka ndizi. Meli ikikuyumbisha utapike kwa raha zako, na ukifika Mwanza upande treni, na usifikirie makopo. Nitakukosa sana. Nitakukosa asubuhi kuliko jioni, kwa sababu asubuhi ndipo ulipokuwa unaongea. Hilo ni langu mimi kulibeba na wala usinisaidie.

Huko Mtwara utaiona yenyewe. Nina ombi moja tu. Usiniandikie ni rangi gani. Niandikie inapiga kelele ya namna gani, na kama yule muuguzi wa Tanga alisema kweli.

Jua limeshafika kwenye migomba na herufi zinaanza kukimbiana, basi namalizia. Kesho gari linapita kukiwa bado giza. Nitakuambia tutokee mlango wa jikoni, nitasema ni njia fupi, na nitaliondoa jamvi nililoliegemeza ukutani. Utainama kufunga kamba za viatu, nami nitakuambia ushike ukuta usije ukaanguka. Utaushika. Utasikia matuta chini ya kiganja chako, na hutauliza kitu, kwa sababu utakuwa na haraka na mimi nitakuwa nakusukuma.

Ukisoma hapa utakuwa umeshaushika. Ile ndiyo bahari yangu, mwanangu. Safari hii sikuiwekea ng'ambo. Mawimbi yanakwenda mpaka kwenye fremu ya mlango, na yameishia hapo hapo ulipotokea.

Mama yako,
Konsolata